Waya Uliovutwa Darini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, ambaye yeye na shemeji yake walipendana kama paka na panya. Mke wa fundi alichoka na vita vyao. Akanunua spika mbili za kufungwa ukutani nje, akatoa amri: "Shirikianeni kuzifunga leo. Mkigombana, mnahama nyote wawili!"

Shemeji akapanda darini avute waya. Fundi akasimama kwenye ngazi nje, akiusukuma waya ndani ya tundu chini ya paa, ili utokee tundu la pili, pembe nyingine ya nyumba. Mle ndani giza lilikuwa zito kama masizi.

"Vuta, mla bure wewe!" fundi akafoka kwenye tundu.

Waya ukavutwa, ukikwaruza mbao: krrr, krrr.

"Leo umepata wapi nguvu? Umekula kiporo changu tena?"

Krrr, krrr.

"Unamtukana nani?" Shemeji aliuliza akiwa chini ya ngazi, kikombe cha chai mkononi. "Mimi nimeshuka zamani. Mlango wa dari nimeufunga."

Fundi akauachia waya. Haukusimama.

"Nasikia matusi!" mkewe alifoka kutoka jikoni. "Mnahama?"

Fundi alikuwa ameshashuka ngazi. Yeye na shemeji walikuwa wameshikana mikono, macho kwenye tundu la pili. Ncha ya waya ikachomoza taratibu. Ilikuwa imeshamenywa, shaba nje, tayari kuunganishwa na spika. Kwenye plastiki palikuwa na alama za meno, na mate yalikuwa bado yanachuruzika.