Jina la Mdhamini

Lusungu alikuwa anajichukia siku aliyokutana na Ambwene. Soko la Tukuyu lilifurika watu, naye akajipenyeza mpaka studio ya picha za pasipoti, kitenge cha njano kimefunika mdomo kuficha uvimbe wa taya. Ulikuwa umepasuka, unatoa usaha, na harufu yake ilimtia kinyaa mwenyewe.

"Toa kitenge, dada. Watu wa viza wanataka uso," alisema mpiga picha, kijana mrefu mwenye shati la drafti.

"Utatapika."

"Nimekulia zizini Isongole mimi. Toa bwana!"

Akatoa. Ambwene hakugeuza uso. Alimnyanyua kidevu taratibu, akapiga picha, kisha akaomba namba ya simu.

Ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Uji, kwa mrija. Usinichekeshe, taya linauma."

Baada ya miezi mitatu ng'ombe wa posa akafika kwa kina Lusungu, Lufingo, na baba yake Ambwene, mkulima wa viazi, akaandika barua ya kumdhamini akatibiwe India. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bibi yake Lusungu alimlea kwa mila za Kinyakyusa: ng'ombe akishapokelewa, binti haonani na baba mkwe, wala halitaji jina lake.

Afisa wa viza akapiga simu. "Mdhamini wako anaitwa nani?"

Lusungu akakikaza kitenge mdomoni. Kulitamka ilikuwa sawa na kumvua mzee nguo hadharani.

"Ni baba wa mchumba wangu."

"Jina?"

"Siwezi kulitaja."

"Humjui mdhamini wako?"

Maombi yakakataliwa. Ambwene akafoka kwenye simu: "Jina tu, Lusu! Daktari amesema uvimbe ukifika kooni basi! Unamkana baba yangu?"

"Nimtaje baba mkwe kama mtu wa gengeni?"

"Basi kaa na ushamba wako!"

Ushamba! Sauti ile aliyoipenda ilimkinaisha. Akazima simu siku nne nzima.

Jumamosi wakaja wanaume wawili kutoka Isongole. "Mzee anamtaka ng'ombe wake," walisema, wakamfungua wakaondoka naye. Lusungu alibaki uani kwenye tope na mavi, akatema mate. Kumbe alikuwa anawachefua siku zote! Akawasha simu ili atukane.

"Ng'ombe wenu mmemchukua. Ndaga, asanteni sana! Na harufu yangu muisahau."

"Lusu, nisikilize! Nimepiga mpaka nimechoka. Nisamehe lile neno. Nilimweleza mzee kwa nini ulinyamaza, akalia. Akasema, 'Huyo ndiye mkwe. Mrudisheni ng'ombe kwangu, binti asiwe mkwe wangu kwanza. Anitaje, apone.'"

Lusungu akakaa chini palepale topeni na gauni lake safi, akalia.

Wakaomba upya. Afisa akauliza swali lilelile.

"Jairo," alisema Lusungu. "Jairo Mwaisumo, wa Isongole."

Viza ikatoka. Siku ya safari, stendi ya Tukuyu, Ambwene alimshika mkono mbele za watu wote bila haya.

"Ukirudi tu, ng'ombe anakuja."

"Usichelewe," Lusungu alisema kupitia kitenge. "Sitaki kulizoea jina la baba yako."