Namba Ishirini na Tatu, Chumba cha Saba

Mkiniona nakataa kukaa mbele ya skrini inayoita watu, msidhani naringa. Yaliyompata mama yetu yalitokea saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Dada yangu ndiye aliyeandika programu ya kuita wagonjwa kwenye kliniki moja yenye vyumba sita vya madaktari. Siku hiyo ilikuwa inawashwa kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa na miadi ya macho, namba ishirini na tatu. Mimi msindikizaji wake nikamketisha kwenye benchi, mkoba mapajani, nikaenda kumtania dada kwenye chumba cha kompyuta.

Mara sauti ya skrini ikaanza kumwita kila mgonjwa chumba namba saba.

Watu walicheka, maana baada ya chumba cha sita korido inaishia ukutani. Dada hakucheka. Chumba cha saba alikibuni yeye kwa majaribio, programu ikikutana nacho itoe onyo tu. Akapekua programu mstari kwa mstari, mpaka akaiona kasoro: alama moja ya usawa mahali pa mbili. Zikiwa mbili, kompyuta inauliza kama chumba ni cha saba. Ikiwa moja, haiulizi. Inakifanya kiwe.

Akaongeza alama iliyopungua. Skrini ikaanza kuwaita watu upya, vyumba vya kweli, tukapumua.

Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na nne.

Nikatoka mbio. Mkoba ulikuwa kwenye benchi, peke yake.

"Ameitwa," bibi aliyeketi jirani akaninong'oneza. "Haoni vizuri, nikamwonyesha mlango."

"Mlango upi?"

Akatazama mwisho wa korido.

Ndara moja ya mama ilikuwa pale, chini ya ukuta. Niliivuta. Haikutoka. Nusu yake ilikuwa ndani ya ukuta, na rangi haikuwa na hata ufa. Niliogopa, sifichi.

Ukuta ulibomolewa siku ileile. Nyuma yake ni maegesho ya magari.

Miaka mitatu sasa dada hathubutu kuizima ile kompyuta, kwa sababu kwenye orodha ya wagonjwa mstari wa mama bado unasomeka: anahudumiwa. Juzi akanipigia simu. Mstari umebadilika, na anaapa maneno hayo hakuyaandika yeye.

Unasema: anamsubiri msindikizaji.