Mwanamke Aliyesimama Kaburini

"Utapita sokoni ukirudi?" nilimuuliza.

"Nikiwahi," alisema Shafii. Alikuwa anafuta kiti cha pikipiki kwa kitambaa. "Nakwenda Nanyamba kuangalia mikorosho ya baba. Magharibi haitanikuta njiani."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mume wangu. Alasiri ya Jumamosi hiyo namba yake ilinipigia. Nilipokea nikiwa na lawama tayari mdomoni, maana mvua ilikuwa imeanza na yeye hajarudi. Sauti haikuwa yake.

"Samahani, wewe ni nani kwa mwenye simu hii?"

"Mke wake. Mwenyewe yuko wapi?"

"Basi unisamehe, dada. Nilidhani mkewe ni huyu aliyekuwa naye."

Kwa hiyo kwanza nilijua kuna mwanamke, halafu ndipo nikajua mume wangu amekufa. Pikipiki iliteleza kwenye njia ya Kitaya, kule mtoni Ruvuma. Mwanamke alivunjika mkono. Shafii hakufika zahanati.

Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Nasema tulimzika, lakini mimi nilibaki ndani na wanawake wenzangu. Kwetu jeneza likishatoka, wanaolifuata ni wanaume. Nilisikia sauti zao zikienda, zikienda, mpaka nikabaki nasikia jogoo wa jirani.

Jioni wifi yangu Mwajuma aliingia chumba nilichopewa kukaa eda. Mwajuma ni dada yake Shafii, na neno halijawahi kupoa mdomoni mwake.

"Wifi, umesikia ya makaburini?"

"Nisikie wapi, na mimi niko humu."

"Yule mwalimu wa kike, Upendo, kaenda. Mkono umening'inizwa shingoni, nguo nyeusi juu mpaka chini. Kasimama na walimu wanaume hadi mwisho. Na udongo katia."

"Hakuna aliyemzuia?"

"Nani amzuie mgeni mbele ya maiti? Baba mkubwa Amiri aligeuza uso tu."

Upendo nilimjua kwa jina. Shafii alifundisha historia kwenye sekondari moja hapa Mtwara, na Upendo alifundisha Kiingereza shule hiyohiyo. Kwao ni Njombe. Mwanzoni jina lake lilikuja nyumbani kila siku pamoja na jasho la mume wangu: Upendo kasema hivi, Upendo kacheka vile. Kisha likaacha kuja. Mwanamke aliyeolewa hahitaji kufundishwa hapo. Jina likitajwa sana unakereka, likikatika ghafla hulali.

Nilikaa kwenye mkeka ule na kilichokuwa kinanitafuna hakikuwa kifo. Kifo ni cha Mungu. Kilichonitafuna ni kwamba yule mwanamke alimwona Shafii akishushwa. Alijua kaburi lake liko upande gani. Mimi mkewe nilikuwa sijui.

Maneno hayakuishia hapo. Wanawake waliokuja kutoa pole walinong'ona na Mwajuma ukumbini, na Mwajuma akayaleta chumbani. Shafii alikuwa haendi Nanyamba. Kila Jumamosi alikuwa anampakia mwalimu yule kwenda naye Kitaya. Ameonekana amekaa ndani ya kanisa. Ameonekana na Biblia mkononi.

"Wifi, usinichukie," alisema Mwajuma. "Lakini kwenu kuna aliyevuka mto, na kwetu sasa kuna aliyevuka dini. Tumelingana."

Alimsema Hamisi, mdogo wangu. Hamisi alivuka Ruvuma kwenda kuuza mitumba upande wa Msumbiji, vita ikamkuta hukohuko, na hakurudi. Watu walisema amejiunga na wanaochoma vijiji. Mama yangu aliacha kulitaja jina lake. Kule kijijini kwetu watu walikuwa wakimwona mama anakuja kisimani wanabadili mazungumzo.

Baba mkubwa Amiri alisema hitma ya Shafii, kisomo cha kumwombea, isubiri kwanza, mpaka ijulikane alikufa akiwa nani. Mama mkwe hakubishana naye. Alikuja akaketi karibu yangu, akaushika mguu wangu.

"Nasra. Mwanangu alikuwa anaswali?"

"Alikuwa anaswali, mama."

"Mpaka mwisho?"

Nilichukua simu ya Shafii, nikatoa namba ya Upendo, nikamwandikia kwa simu yangu.

"Mwalimu Upendo. Mimi Nasra, mke wa Shafii. Mume wangu alikuwa anafanya nini na wewe Kitaya?"

Jibu lilikuja upesi. "Pole sana dada Nasra. Nitakuja nikueleze. Si mambo ya kwenye simu."

"Mambo gani hayo yasiyofaa kwenye simu? Ya kitandani?"

Hakujibu mpaka asubuhi. "Hapana, dada."

"Na makaburini ulikwenda kwa ruhusa ya nani?"

"Sikujua kwamba kwenu wanawake hawaendi. Kwetu Njombe asiyefika kaburini ndiye anayesemwa. Nilikutafuta kule nikupe pole, nikashangaa sikuoni. Nisamehe."

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Alinitafuta kaburini. Alidhani nimesusa kumzika mume wangu. Hasira ilinipanda upya, maana hata kosa lake lilikuwa la mtu mwenye heshima, na mimi nilitaka liwe la malaya.

Alikuja Jumatano alasiri. Alikuwa amejifunga kanga juu ya gauni, na kanga ile ilikuwa imefungwa vibaya kwa sababu ya mkono. Nilimtazama kama unavyotazama kitu sokoni ukitafuta palipoanza kuoza. Ni mrefu, meno yake meupe, kucha amezikata fupi. Mama mkwe alijisogeza mlangoni asikie. Mwajuma hakuhitaji kujisogeza, alikuwa ameshakaa.

"Karibu," nilisema. "Ulikuwa unamfundisha kusali?"

"Nilikuwa namfundisha Marekani," alisema Upendo.

Mwajuma aliguna. Upendo hakumtazama. Alieleza taratibu, kama yuko darasani.

Muhula ule kidato cha tano walikuwa wanasoma makoloni ya kwanza ya Marekani. Wanafunzi wengi wametoka vijiji vya mtoni, wamesikia bunduki za ng'ambo, wengine wana ndugu kule. Mmoja alimuuliza Shafii darasani: hao wanaochoma vijiji, nao wanasali? Mkuu wa shule akakataza vita ile isitajwe tena, wazazi wana hofu. Basi Shafii akawa anaandika ubaoni "Marekani", na darasa zima linajua ni vita ya ng'ambo.

"Aliwafundisha habari za watu waliotoka Uingereza wakikimbia kuonewa kwa ajili ya dini yao," alisema Upendo. "Walipofika wakajenga shule, kila mtoto asome kitabu cha Mungu. Kisha watu haohao wakawachapa viboko wanaosali tofauti, wakawafukuza. Wakapigana na wenyeji wa nchi mpaka vijiji vikateketea, vya pande zote mbili. Wanafunzi walikuwa wananyamaza mpaka unasikia feni."

"Na Biblia?"

"Ilikuwa yangu. Watu wale walikuwa Wakristo wakiwaonea Wakristo, na yeye hakuelewa wanagombea nini. Aliniuliza swali lilelile kila siku: aliyeonewa anajifunza wapi kuonea? Nikampa Biblia atafute jibu mwenyewe, akanirudishia akasema hajaliona."

Niliona tabasamu likimpita usoni. Lilikuwa tabasamu la kumjua Shafii.

"Mimi alikuwa ananisimulia vipindi vyake vyote," nilisema. "Nilikuwa namenya mihogo, yeye anasimulia. Hiki hakunisimulia. Kwa nini akusimulie wewe?"

"Kwa sababu ya Hamisi."

Mwajuma aliacha kutikisa mguu.

"Alisema akianza kukusimulia vita, wewe unaona ndugu yako tu," aliendelea Upendo. "Na siku moja baada ya kipindi akaniambia: nawafundisha watoto wa watu, na shemeji yangu sijui hata kama yuko hai. Kina mama wa kanisani kwetu wanapeleka chakula Kitaya kila Jumamosi, kwa familia zilizokimbia. Yeye alikuwa ameshakwenda peke yake kuuliza habari za Hamisi, wakamkimbia. Mwanamume mgeni, kofia kichwani, anauliza habari za kijana anayesemwa kajiunga. Nani angemjibu? Ndipo akaniomba twende wote. Alikaa kanisani kwa sababu ndimo walimokaa wale watu."

"Alikuwa anaswali?" Mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

"Kila adhuhuri ilipofika, bibi. Wazee wa kanisa walikuwa wanamwekea ndoo ya maji atawadhe. Anatoka nje, anaswali, anarudi."

Mama mkwe alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Mimi bado nilikuwa na swali.

"Mlimpata?"

Upendo aliniangalia, kisha akaangalia mkono wake.

"Jumamosi ile tulimpata mama mmoja, Jesca. Alitekwa pamoja na Hamisi barabarani. Ndugu yako hakujiunga, dada Nasra. Walimfunga kamba, wakambebesha mizigo. Jesca alikuwa na mtoto mgongoni, na Hamisi alikuwa anambebea na mzigo wake. Alianguka siku ya mvua, hakuinuka. Jesca alimfunika na majani. Hamisi alikuwa analitaja jina lako: Nasra wa Mtwara, dada yangu kaolewa na mwalimu."

Nje mtu alikuwa anapita anauza samaki wa kukaanga, akitaja bei.

"Tukarudi," alisema Upendo. "Njia nzima Shafii alikuwa anajaribu maneno. Aliniuliza, nikifika nianze na salamu au nianze na jina la Hamisi? Nikamwambia anza na jina. Akasema, hapana, nikianza na jina atajua. Tukafika pale kwenye tope."

"Alisema nini mwisho?"

"Aliuliza kama nimeumia."

Hapo ndipo nililia mbele yake. Hata neno lake la mwisho alilipata yeye. Mume wangu alikufa akinitafutia ndugu yangu, na bado niliona wivu, na wivu ule ulikuwa na haki yake. Nilimwambia hivyohivyo.

"Sikushukuru bado, Upendo. Nakuonea wivu."

"Najua," alisema. "Ningekuwa mimi ningeona pia."

"Kulikuwa na mvua kaburini?"

"Hapana. Palikuwa pakavu. Kaburi lipo pembeni, upande wa ukuta. Walimshusha polepole, hakuna aliyeteleza. Udongo wa kule ni mwekundu, mwepesi. Mimi nilitia kwa mkono huu mzima."

Niliushika mkono huo. Ulikuwa na baridi. Mwajuma aliinuka bila kuambiwa, akaenda kumfunga mgeni kanga yake vizuri, kisha akatuletea chai.

Baba mkubwa Amiri aliposikia alisema hitma isomwe Ijumaa. Nilimwomba yasomwe majina mawili. Mama yangu alikuja kutoka kijijini, na jina la Hamisi liliposomwa kwa sauti mbele ya watu, alinyoosha shingo kama mtu aliyetua ndoo.

Eda yangu imekwisha. Shule haijapata mwalimu mwingine wa historia, na Upendo ndiye anayeshika vipindi vya Shafii. Hunipigia siku moja kabla ya kipindi, hunisomea atakachofundisha, nikiwa namenya mihogo. Kesho watoto watasoma namna watu wa Marekani walivyoanza kukataa kodi za mfalme.