Koo la Kulia

Nikutegee? Nina makoo mawili, yote yanakunywa ziwa moja. La kushoto limepoa kama mtungi. La kulia linaungua. Mimi nani?

Hujui? Usinipe mji bado. Sikiliza kwanza.

Saa tatu na nusu asubuhi, Sindano alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini ya boti, spana mkononi. Glock yake ilikuwa kwenye sanduku la vifaa, chini ya matambara.

Kila mtu gatini alimwona fundi. Wala hakuwa akijifanya. Spana aliijua kabla ya bastola.

Sikioni mwake sauti ikakwaruza.

"Sindano, hapa Mzizi. Umeipata?"

"Bado."

"Dakika ishirini, anaondoka. Akivuka lile boya jeupe yuko kwenye nchi ya wenyewe. Hatumgusi."

"Najua, Mkubwa."

Alijua kuliko huyo Mkubwa wake. Kadi waliyokuwa wakiitafuta ni ndogo kama ukucha, lakini ilibeba majina kumi na moja ya majasusi wa idara waliojipenyeza ng'ambo. Jina la tatu lilikuwa la kaka yake, tumbo moja. Kadi ikivuka, jioni hiyo hiyo kaka ni marehemu.

Mwizi alijulikana: meneja wa klabu ya boti. Wapekuzi walipita ofisini kwake, wakapita na humu botini mara mbili, yeye hayupo. Patupu.

Kisha mzee dereva wa boti akalalamika kwamba boti inanuka mpira unaoungua. Idara ikapata mwanya. Ikamleta fundi.

"Binti," mzee akasema, amechuchumaa pembeni, "hii boti ina homa ya ubavu mmoja. Kama mtu aliyelalia jiko."

"Tangu lini, baba?"

"Jumatatu. Jumapili nilivuta nayo watu wanaoteleza majini kutwa nzima, haikukohoa hata mara moja."

Kadi iliibwa Jumapili jioni.

Sindano hakuinua kichwa. Akafungua chujio la maji. Safi, hata jani hakuna. Akafungua pampu, akaitazama ile feni ya mpira. Mabawa sita, yote mazima. Akarudisha.

"Washa, baba."

Injini ikanguruma. Geji ya joto ikapanda, ikatulia katikati, imetulia kama bibi harusi.

Akaweka kiganja kwenye ekzosi ya kushoto, bomba la kutolea moshi. Baridi.

Akaweka kwenye ya kulia.

"Mama yangu!"

Ngozi ilibaki pale.

"Nilikwambia!" mzee akacheka. "Hukusikia, sasa umesikia."

Sindano aling'ata meno, akili ikakimbia. Pampu moja inanyonya maji ya ziwa. Maji yanapoza injini, kisha yanagawanyika kwenye mipira miwili, kila mpira unapoza ekzosi yake. Injini imepoa, kushoto kumepoa. Basi kuna kitu kimekaba mpira wa kulia.

Akazima. Vidole vikatambaa juu ya mpira, taratibu. Hapa laini. Hapa laini.

Hapa uvimbe. Mgumu. Ukubwa wa kidole gumba.

Mwizi alichagua mahali penye baridi kuifichia kadi. Hakujiuliza ile baridi inakwenda kumpoza nani.

"Unahangaika nini, fundi?"

Meneja, nyuma yao. Saa ya Casio ya dhahabu mkononi, bastola ya Beretta imezama kwenye mbavu za mzee. Mzee hakucheka tena.

"Ekzosi inaungua, bosi."

"Nani kasema?"

"Mkono wangu."

"Tazama geji. Katikati! Injini nzima, wewe unaniletea habari za mkono." Meneja akasogea. "Haya niambie, fundi wa mafundi. Geji na mkono, unamwamini nani?"

Sindano akapima umbali.

Sanduku la vifaa lilikuwa hatua tatu. Risasi ilikuwa hatua sifuri kutoka kwa mzee.

"Umemeza ulimi? Funga. Naondoka."

Akainama kufunga. Kidole gumba kikabinya uvimbe, kikausukuma mbele hadi kwenye kona ambapo mpira ni mwembamba. Ukanasa. Hata tone halitapita sasa.

"Tayari, bosi. Safari njema."

Meneja akamsukuma mzee gatini, akashika usukani. Boti ikaruka kama mshale.

"Sindano! Umemwachia?"

"Nimemwachia."

"Na kadi?"

"Anayo."



"Una wazimu wewe?"

"Chukua darubini yako, Mkubwa. Ekzosi ya kulia inatema maji?"

"Kushoto inatema. Kulia... moshi mtupu."

"Basi."

Alishachukua Glock, alishapanda Yamaha ya klabu, pikipiki kuukuu ya majini isiyoweza kuifikia boti ile hata kwa dua.

"Kilomita tatu kufika boya," Mkubwa akasoma. "Mbili. Sindano, haipunguzi!"

Lengelenge la kiganja lilipasuka kwenye mpini wa mafuta. Akakaza.

"Moja. Kaka yako, Sindano. Kaka yako!"

"Najua ni wa nani!"

"Mita mia tano. Mia tat..."

Sauti ikakatika.

"Mkubwa?"

"Moshi. Mweusi. Unatoka kwenye boksi la injini. Ee Mungu, imezima!"

Alimkuta Meneja amejikunja pembeni, anakohoa, macho yanachuruzika, Beretta imemponyoka miguuni. Boya jeupe lilikuwa likicheza mita mia mbili mbele yake. Sindano akamtia pingu, akafungua boksi. Mpira wa ekzosi ulikuwa umeungua ukapasuka, moshi ukarudi ndani na kuikaba injini. Akakata ule mwembamba wa maji, kichupa cha chuma kikaanguka kiganjani.

"Mzizi, ninayo."

Mkubwa alisikika akipenga kamasi.

Meneja alikuwa ameikodolea macho geji. Mshale uko pale pale, katikati.

"Ilisema nzima," akanong'ona. "Ilisema nzima!"

Sindano akarudi kwenye Yamaha, akaketi, akawasha. Kisha akageuka, akamwinulia kiganja chake chekundu.

"Mkono," akajibu.