Picha ya Kichwa cha Bi Kidawa

Tabia alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni akifua shati la mumewe, na kama ilivyokuwa siku hizi zote, maji hayakuchafuka. Himid aliuza vitambaa Mlandege, akibeba majora begani kutwa kwenye joto. Zamani kola yake ilitaka brashi na hasira. Sasa shati lilirudi kama lilivyotoka. Lilinuka kidogo tu, harufu ya chokaa mbichi, kama kisima kilichofunikwa muda mrefu. Tabia hakuuliza. Mwenye mtoto, mkwe mgonjwa na maji ya kupandisha ghorofani hagombani na shati safi.

Simu ikalia. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, Bi Tabia. Mimi Nusrat, wa chumba cha picha hospitali. Nnakupigia kwa habari ya mkweo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Habari ni njema, lakini tunaona haya kuisema. Mama hana ugonjwa wa ubongo."

Tabia akavuta kigoda, akakaa.

"Ile kompyuta inayosoma picha za vichwa ilifundishwa kwa picha za mashine nyingine, mpya, zinazoonesha vizuri. Yetu hutoa picha hafifu. Basi ikiona kiza cha mashine, inadhani ni ubongo uliosinyaa. Tumeifundisha upya kwa picha za mashine mbalimbali, hafifu na angavu, ijue kutenga ila ya mashine na ila ya kichwa. Halafu daktari akazirejea zote kwa macho yake. Bi Kidawa mzima kuliko mimi."

Tabia alielewa, maana kwa mke wa muuza vitambaa jambo hilo ni la kila siku. Kitambaa chini ya taa ya duka ni buluu, juani ni kijani, na kitambaa ni kile kile. Asiyejua hurudi kugombana.

"Kwa hiyo yale anayoyasema…"

"Anasema nini, Bi Tabia?"

"Hapana kitu," akajibu, akakata simu.

Alilokuwa akilisema Bi Kidawa ni moja tu. Himid alikwenda mazikoni kisiwani Tumbatu, akakosa boti ya kurudi Mkokotoni, akafika nyumbani siku ya pili. Mama yake akamtazama pale mlangoni na kusema, "Huyu si mwanangu." Akasema asubuhi, akasema jioni, akasema mbele ya wageni. Himid ndiye aliyempeleka hospitali. Himid ndiye aliyerudi na majibu, uso umemshuka. Himid ndiye aliyetaka afungiwe chumba cha juu asije akapotea vichochoroni. Lakini ufunguo alikaa nao Tabia, na Tabia ndiye aliyemwambia Bi Nassra wa chini, huku akicheka, "Mkwe wangu kaharibika, shoga. Hata aliyemzaa hamjui." Bi Nassra akacheka naye, na kufika jioni mtaa mzima unacheka.

Tabia akapanda kufungua. Bi Kidawa alikuwa kitandani, kanga yake haijabadilishwa tangu juzi.

"Mama, niwie radhi. Kipimo kilikosea."

"Kipimo hakinijui. Wewe unanijua." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. Kisha akashusha sauti. "Na yeye, ushamjua?"

Tabia alikuwa akifikiria kola, na ngazi za mbao ambazo humlilia kila mtu ila hazikumlilia Himid, na vile alivyokataa chakula chenye chumvi, eti presha, naye Tabia akawapikia wote bila chumvi ili asiteleke vyungu viwili, na ule mkono wa baridi aliouzoea kitandani mpaka akaacha kushtuka, na siku zake ambazo mwezi huu hazikuja, na hajamwambia mtu.

"Jini hali chumvi," Bi Kidawa akanong'ona. "Tia leo. Tukishahakikisha, tumwite mwalimu aje amsomee."

Baada ya magharibi Yusra, binti yao, akatandika mkeka. Wali, na mchuzi wa samaki. Himid akaingia bila ngazi kulia. Akakaa, akapeleka mkono kwenye sahani, na mkono ukasimama juu ya wali kama uliofika kwenye moto. Harufu ya chokaa ikajaa chumba.

"Mama kashuka leo," akasema.

"Kapona," akasema Tabia.

"Alhamdulillahi. Yusra, kaniletee maji ya kunywa."

Mtoto alipotoka, akamwinamia Tabia, na sauti yake ilikuwa ya upole ule ule wa siku zote.

"Mwite huyo mwalimu mliyemnong'ona huko juu, Mama Yusra. Unajua ada yetu. Tukisomewa hujitaja, na milango huwa wazi, na jirani husimama ngazini kusikiliza. Nitataja jina langu na nilikotoka na nilivyokaribishwa humu, kitanda kipi na mto upi, na nilichokiacha tumboni mwako, na sitasema uongo, maana mbele ya kisomo hatuwezi."

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza Bi Kidawa.

"Hilo nalo nitalisema. Mkewe akitaka nisomewe."

Bi Kidawa akamshika Tabia mkono. "Mwite, mwanangu. Aibu haiui. Mimi umenivika aibu mtaa mzima, na bado nipo hai."

Chini, Bi Nassra alikuwa akicheka na mtu. Tabia alikijua kicheko kile. Alikwishakilisha yeye mwenyewe, kwa aibu ya mkwe wake.

Akautoa mkono wake taratibu. Akaichukua sahani ya mumewe, akaenda jikoni. Kwenye sufuria ndogo kulikuwa na wali na kipande cha samaki alivyovitenga kabla ya kutia chumvi. Alikuwa amejiambia ni mazoea ya mkono tu. Akapakua, akarudi, akamwekea mbele bila kumtazama mkwe wake usoni, wala hakuuliza Himid wa kweli yuko wapi.

Yusra akaingia na jagi. Alifurahi kumwona bibi yake mkekani, akahesabu kwa kidole.

"Bibi, baba, mama, na mimi. Leo tumetimia."

"Tumetimia," akasema Tabia. "Haya, kuleni."