Kitabu cha Aliyebebwa

Kila asubuhi Paskalia alichota maji, akafagia uwanja, ndipo akashuka misheni kusoma. Siku hiyo baba yake, Alois, alimtuma kazi nyingine. Akida, mkubwa wa serikali pale, alikuwa amemwamuru Alois aongoze wapagazi kuvuka milima ya Uluguru hadi Kisaki, njia asiyoijua.

"Yeye anabaki kitini, shingo zetu ndizo zinazokwenda," alisema Alois, akatema mate. Tangu afiwe na mkewe, maneno yake yalikuwa shubiri. "Misheni wana vitabu viwili vya njia, ila wanaazimisha kimoja tu. Wewe unajua kusoma, nichagulie."

Kule misheni, Dominiko, mtunza stoo, aliviweka vitabu mezani. Kimoja kilikuwa na jalada jekundu, linang'aa. Kingine, lo! Kilinata mafuta, kilinuka ugoro, na ndani yake kulikuwa na ruba aliyekauka. Paskalia alishika pua.

"Hicho katekista Andrea alikiandika njiani, kwa miguu yake," Dominiko alicheka. "Usipokitaka, nitafungia ugoro wangu kwa kurasa zake."

"Fungia tu!" Paskalia alichukua chekundu bila hata kukifunua.

Alasiri baba yake alisema, "Nisomee mahali pa kuvukia mto."

Paskalia akasoma: "'Matawi yanapendeza. Baada ya chakula nililala usingizi mtamu hadi ng'ambo ya mto.'"

"Alilala mtoni?"

Paskalia akafunua mwanzo. Palikuwa na picha ya bwana mnene, amelala chali katika machela, mabegani mwa watu wanne.

"Ptuu! Kumbe kaandika alichoona akiwa chali! Mto huohuo ulimsomba ndugu yangu Kasiani, mzigo wa mabwana kama huyu kichwani. Paskalia, ulikisoma kabla ya kukichagua?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Kinyaa alichomwonea ruba, sasa alijionea mwenyewe.

"Hapana, baba. Kile kingine kilinitia kinyaa."

"Basi kimbia!"

Alimkuta Dominiko ameshachana kurasa za kile kitabu. Paskalia alimpokonya kifurushi cha ugoro, akakikung'uta huku akipiga chafya, akasoma: "Usivuke penye mawe meusi. Panda hadi penye mkuyu, maji ni ya magotini." Dominiko akamwachia kitabu hicho pia, naye akakimbilia kwa baba yake.

Alois alivuka penye mkuyu, na siku kadhaa baadaye akarudi na wapagazi wote. Akida hakuuliza habari zao, aliulizia mizigo tu.

"Mwanangu," Alois alisema, "aliyebebwa haijui njia. Nawe ukichagua kitu bila kukikagua, umebebwa vilevile. Ila ulisema kweli mapema, tukapona. Kesho virudishe vyote. Mwambie Dominiko, ugoro akafungie kile chekundu."