Mdogo Wangu Alikodi Wazazi, Nami Nikawaandalia Meza

Siku hiyo kando ya ziwa tulikuwa hawa: mdogo wangu Nyawira, aliyekuwa akiletewa mahari; mchumba wake Kariuki; babake Kariuki, Mzee Gathogo, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Nyeri mjini; shangazi yao, Tata Wamuyu, mama ambaye macho yake hayapitwi na kitu; wazee wanne wa upande wao; mwanamume mmoja muuza mchele kutoka Wang'uru; mwanamke mmoja wa kwaya kutoka Kianyaga; na mimi, nimebeba sinia. Ndugu yetu Muriuki hakuwepo. Hakuambiwa.

Muuza mchele ndiye aliyekuwa baba yetu. Mwanamke wa kwaya ndiye aliyekuwa mama yetu... Mnashangaa? Wazazi wetu wamezikwa Mukurweini, nyuma ya migomba, tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitano!

Sasa nina miaka arobaini na moja. Niliacha shule darasa la saba na sikurudi. Muriuki alikuwa na miaka minane, Nyawira mitatu. Nilichuma kahawa ya watu huku Nyawira akilala mgongoni mwangu. Nilikamua ng'ombe wa watu. Nikamsomesha mpaka akavaa joho la chuo kikuu. Sisemi haya mnionee huruma. Nasema ili mjue ni nani aliyeniletea aproni siku ile.

Nilianza kuosha sufuria katika hoteli moja kando ya ziwa, juu ya Kianyaga, pale msitu unapoanzia. Leo mimi ndiye ninayepanga mikutano ya makundi. Nimewaona wote. Watu wa ofisi hupanda mlima wote huo kuja kukimbia na yai kwenye kijiko, ati wapate kupendana! Kamati za kanisa huja kufunga na kuomba, kisha huuliza mbuzi ataiva saa ngapi. Vyama vya akina mama hugombania viti vya mbele kana kwamba vinaelekea mbinguni. Mimi huandika idadi yao na kunyamaza. Hotuba huzipanga ziishe kabla ya saa tisa, kwa sababu saa hiyo ukungu hutoka ziwani, na mtu akihisi baridi husahau adabu.

Basi Nyawira akanipigia simu, akasema mahari italetwa pale hotelini. Nilishangaa. Mahari huletwa nyumbani! Akasema barabara ya kwetu ina matope na wakwe wana magari ya chini. "Nipangie wewe, Dada. Hakuna anayejua kama wewe."

Nikavimba kichwa. Mjinga mimi! Nilishona rinda jipya. Nilitafuta muratina, pombe yetu ya mahari, kwa ajuza mmoja anayejua kuichachusha. Nikaweka hema likitazama mlima. Na kiti cha mama wa msichana, kile cha mbele, nilikiwekea mto kwa mikono yangu, nikijua ni mimi nitakayekikalia.

Asubuhi ya siku yenyewe Nyawira alinivuta nyuma ya jikoni. Alikuwa ameshika aproni.

"Dada, leo usikae mezani. Leo wewe ni wa hoteli."

Ndipo akaniambia. Tangu walipojuana, alikuwa amemweleza Kariuki kwamba baba ana mashamba ya mpunga na mama ni mtu wa kanisa, na sasa alikuwa amewakodi wawili wa kuigiza. Angewaonyeshaje dada wa darasa la saba? Nikamuuliza, na mimi je? Akasema ni siku moja tu, na kwani sitaki afurahi?

Nikafunga ile aproni juu ya rinda jipya...

Jamani, nimehudumia watu wa kila aina, lakini wazazi kama wale sijawahi kuona. Baba alikuja na suti yenye lebo bado kwenye mkono. Alipakuliwa chakula mara mbili kabla wageni hawajanawa. Mama naye alikalia mto wangu, akaeleza jinsi alivyoteseka siku ya kumzaa Nyawira, akalia machozi ya kweli! Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nikapakua mukimo.

Kisha ikafika saa ya kikombe. Kwa wasiojua, msichana huonja muratina, halafu humpelekea mzazi wake anywe. Kwa kikombe hicho anasema, pokeeni walicholeta watu hawa. Ni hapo ndipo kondoo jike na mbuzi jike wa kwanza hupelekwa kwa nyumba iliyomlea. Bila hao hakuna mahari.

Nyawira alipita mbele yangu na kikombe. Alipita karibu sana hata nguo yake ikagusa sinia langu. Akampa muuza mchele. Yule bwana akanywa chote, akalamba midomo.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Tata Wamuyu alikuwa akinitazama tangu asubuhi. Mimi na Nyawira tuna mwanya uleule na paji lilelile la uso. Akauliza mbele ya wazee wote:

"Mama, mbona unafanana na huyu msichana hivi? Wewe ni nani wake?"

Nyawira akatazama nyasi. Neno moja tu lingetosha! Na hapa ndipo lilipo kosa langu, wasomaji, si la mtu mwingine.

"Mimi ni wa hoteli, Tata," nikasema. "Nimepanga viti tu."

Muuza mchele alicheka kuliko wote. "Basi wa hoteli, si utuletee supu?"

Nikaleta.

Kondoo na mbuzi walipakiwa kwenye pikapu, wakateremka Wang'uru. Yule bwana akaonja utamu wa kuwa mkwe! Wakwe ni watu wa heshima, kila msimu wakawa wanamtembelea. Akaomba mbuzi mwingine. Akaomba blanketi na koti. Akaomba tangi la maji. Nyawira alipompigia simu kumsihi aache, alimjibu kwamba mtoto hamkemei baba yake.

Nyawira alinijia akilia. Mnajua alitaka nini? Nimpangie mkutano mwingine kando ya ziwa, wa kupatana na yule bwana! Nikamwambia mkutano wa safari hii utakuwa Mukurweini, kwenye matope. Muriuki, ambaye ni mwendesha boda boda, hakungoja aambiwe mara mbili. Alipanda pikipiki yake hadi kwa Mzee Gathogo na kueleza yote.

Wazee walikuja kwetu wameshika viatu mkononi. Uamuzi haukuchukua muda. Muuza mchele asikanyage tena kwao. Alipoulizwa mifugo, alisema imeliwa. Kwa hivyo Nyawira, aliyeipeleka kusikostahili, atafute kondoo na mbuzi wengine, wafike nyumba iliyomlea, na kikombe kirudiwe.

Kisha Mzee Gathogo akanigeukia. Akaniuliza kama siku ile niliulizwa mimi ni nani. Nikasema niliulizwa. Nilijibu nini? Nikarudia maneno yangu, neno kwa neno. Akasema aliyewadanganya wazee hulipa kondoo dume aliyenona, hata kama alidanganya kwa mapenzi. Kabla hajachinjwa, kikombe hakitarudiwa, wala sitaitwa mama wa msichana huyu.

Muriuki alikasirika. Mimi sikukasirika. Yule mzee ndiye mtu pekee katika mkasa huu ambaye sijamdharau.

Wewe uliyelelewa na dada au kaka, usimfiche kwa sababu ya matope ya kwenu. Na wewe uliyelea, usifunge aproni ukidhani ni upendo. Ukiulizwa wewe ni nani, sema! Mimi nilinyamaza kumpendeza mtoto, nikampa tapeli jina langu.

Nyawira amekwishaleta kondoo na mbuzi wake. Anayengojwa ni kondoo dume wangu. Nimemfunga nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi Nyawira huja na kucha zake za rangi kumkatia majani ya viazi vitamu. Simsaidii. Jumapili iliyopita Tata Wamuyu alifika, akampapasa kondoo mgongo kwa mkono wote, akahisi mifupa.

"Bado," akasema, akaenda zake.